Mdogo wa Meza Ana Swali

Chwap! Kimya. Chwap! tena, kama mtu anayezaba ukuta makofi kwa mkono uliolowa.

Tumpe alikuwa amejilaza kwa ubavu chumbani, kiganja chini ya tumbo lake la miezi minane, akaisikiliza sauti hiyo mpaka ikamtoa kitandani. Sebuleni akamkuta mumewe, Philbert, amesimama kizingitini na bakuli la damu ya mbuzi, akichovya kicha cha majani na kuichapa miimo ya mlango. Shati lake la kanisani lilikuwa na madoa hadi kwenye kola.

"Philbert, majirani watasema tunafanya uganga."

"Waseme. Wao wamezika mara mbili?"

Tumpe na Philbert walizika mara mbili kule Mbalizi, walikokuwa wakiuza mchele kabla ya kuhamia hapa Ipogolo. Mara zote mbili uchungu ulimshika jioni, usiku wa manane Philbert akamtoa nyumbani mbiombio, na mara zote mbili wakarudi na khanga tupu. Daktari alisema walichelewa. Safari nyingine uchungu ukianza tu, waende, mtoto atolewe kwa upasuaji. Philbert alisikia lingine. Alisikia kwamba huko nje kuna kitu kinawavizia wanawe. Akasoma habari za Misri, akatazama mafundisho kwenye simu mpaka macho yakawa mekundu kama pilipili, akatoka na dawa: Pasaka yenyewe, ile ya Waebrania, ndani ya nyumba yake. Mchungaji alipocheka, Philbert hakukanyaga tena kanisani.

Jua lilipozama akafunga mlango na kutia komeo. Mezani palikuwa na chapati, mnafu uliochemshwa mtupu, bakuli la maji ya chumvi, matufaha ya Njombe yaliyopondwa na karanga, juisi ya zabibu, na mbuzi wa kuchoma. Wakasimama wote watatu, mikanda viunoni, viatu miguuni. Wa tatu alikuwa mama Lusia, mama mzazi wa Philbert, aliyeletwa kutoka Idodi na fimbo yake.

"Mimi Mlutheri tangu utotoni," alisema bibi huyo, "na sijawahi kula nimesimama kama askari wa lindo. Na huu mnafu, mwanangu, umekukosea nini hata ukaunyima chumvi?"

"Ni mboga chungu, mama. Tunakumbuka utumwa."

"Mimi niliolewa na baba yako. Utumwa naukumbuka bila mboga."

Tumpe alicheka, na kicheko kikamkatikia kooni. Tumbo lilikaza likawa jiwe. Akashika meza. Maji yakamtiririka mapajani mpaka ndani ya viatu.

"Chupa imepasuka," akasema.

Philbert aliweka kijiko chini polepole. Kisha akaenda akauegemeza mgongo wake mlangoni.

"Hatutoki. Imeandikwa asitoke mtu mpaka asubuhi. Damu iko nje, humu ndani hafi mtu."

"Fungua, mwanangu," mama Lusia akasema, na mzaha ulikuwa umemtoka usoni.

"Mama, usinijaribu! Mara mbili nimembeba, mara mbili nikarudi na nini? Niambieni, na nini?"

Tumpe akalia kwa sauti. Nje, mtu akapiga ubao wa mlango kwa ngumi. Alikuwa Dawood, jirani yao mwenye duka la vifaa vya ujenzi.

"Philbert! Mke wako ana nini? Na damu hii, bwana, umechinja au umechinjwa?"

"Nenda zako, Dawood!"

"Siendi popote. Nawasha pikapu."

Injini ikanguruma, mlango haukufunguliwa. Maumivu yakarudi, makali kuliko ya kwanza, na Tumpe akajua kwamba makelele hayatamsaidia. Alimfahamu mwanaume huyu: ukimpigia kelele unamwongezea kuni. Wiki nzima Philbert alikuwa amemfundisha kwamba katika karamu hii aliye mdogo kuliko wote ndiye huuliza, na mwenye nyumba hana ruhusa ya kukwepa. Mtoto hawakuwa naye. Mdogo alikuwa yeye.

"Mwenye nyumba," akasema huku akihema, "mdogo wa meza ana swali."

"Si sasa, Tumpe."

"Ulisema likiulizwa lazima lijibiwe. Ulisema, hukusema?"

"Uliza."

"Kwa nini usiku huu tunakula na viatu miguuni?"

"Kwa sababu... walikuwa tayari kuondoka."

"Na mkate wao, kwa nini haukuumuka?"

Mama Lusia akagonga sakafu kwa fimbo. "Mjibu mtoto!"

"Hawakungoja," Philbert akasema, na sauti ikampasuka. "Hawakuwa na muda wa kungoja."

"Basi na mimi sina."

Philbert akageuka, akalishika komeo. Alilivuta kwa kilio, kama mtu anayeng'oa msumari kwenye nyama yake mwenyewe.

Mama Lusia aliketi mbele na Dawood. Nyuma, juu ya godoro, Tumpe aliweka kichwa kwenye mapaja ya mumewe, na pikapu ikaanza kupanda mlima kuelekea hospitali iliyo mjini. Upepo wa baridi uliwachapa.

"Hachezi," Tumpe akasema. "Tangu tutoke, hajacheza."

Akaona midomo ya Philbert ikifunguka na kufumba. Aliyajua maneno yaliyokuwa nyuma ya meno yale, na akayaogopa kuliko kisu cha daktari. Kifo kingepita kama kilivyopita mara mbili. Maneno yale yangehamia kwake, yangekula naye, yangelala kati yao mpaka uzee.

"Sema kabisa sasa, nikiwa bado nasikia," akamwambia. "Huyu naye akifa, utasema nini?"

Taa za hospitali zilitokea juu yao. Philbert alimshika uso kwa mikono yake miwili, mikono bado inanuka mbuzi, akasema kwa sauti ambayo hata mama yake kule mbele aliisikia:

"Akifa, Tumpe, sitasema tungebaki ndani. Leo sitasema, na tukizeeka sitasema. Naapa mbele za Mungu na mama akisikia: sitasema tungebaki ndani."