Mafuta ya Asubuhi

Mimi ni fundi wa magari. Kitu kikikauka, nakipaka grisi. Mke wangu alipofariki, nywele za binti yetu zikabaki mikononi mwangu. Zilikuwa ndefu na nzito, mama yake alizilea tangu mtoto anatambaa. Kila asubuhi nilizipaka mafuta ya mgando, na kila wiki zilizidi kukatika. Nikabadilisha makopo mara tatu, kisha, mwezi wa saba, nikampeleka kwa msusi na kumweleza yote.

"Baba, huwa unazilowesha kwanza?" msusi akaniuliza.

"Nizilowesheje tena, na mafuta napaka?"

"Mafuta hayaleti maji, yanafungia tu yaliyopo. Ungeanza na maji, ukapaka losheni, mafuta yakaja mwisho. Wewe umefungia ukavu miezi saba."

"Basi nipe hiyo losheni."

Alivuta unywele mmoja, ukakatika kama uzi uliooza. "Hizi hazina dawa tena. Ni kunyoa."

"Niachie za hapa nyuma tu, dada," binti yangu akasema. "Mama alikuwa anaanzia hapa kusuka."

Msusi akazigusa, akatikisa kichwa, akawasha mashine. Nilimshika binti yangu mkono. Wangu ulikuwa bado unateleza kwa mafuta ya asubuhi.