Do ni F

...na sasa eti nikaze, nikaze nini zaidi ya hapa, kidole cha shahada nimekilaza juu ya nyuzi zote sita kama alivyosema, kimekufa ganzi, na gitaa linalia kama debe la maharage, "Kaza, mama," anasema tena Yonasi, huyu mpiga gitaa wa baa niliyemwingiza nyuma ya duka langu la vitenge kwa kujificha, mimi, mama wa kwaya, nafundishwa kumsifu Mungu na mtu anayenuka bia saa tisa mchana, lakini ningemwita nani, Tunduma imejaa vijana wenye magitaa shingoni, wote wanajua kupigwa picha, ukiwauliza skeli wanakutazama kama umewauliza bei ya dhahabu... C nimeiweza, G nimeiweza, skeli napanda na kushuka bila kutazama, do re mi nimezimeza tangu kwaya ya watoto kule Mbozi, hizo hazinisumbui, kinachonishinda ni kodi hii moja ya gitaa, F, takataka hii, na Jumamosi kwaya inataka kunisikia nikipiga, nikishindwa Mzee Ambakisye, mwenyekiti wetu, anavuka hadi Nakonde, Zambia, kumrudisha Hezron, mpiga gitaa wetu na mume wangu, kama neno hilo bado linamfaa mtu aliyevuka mpaka kumfuata mwanamke muuza dagaa wa kapenta na hata viatu vya kanisani akaviacha mlangoni, eti tumsamehe, kipaji ni cha kanisa, Jumapili ya mavuno haijawahi kwenda bila gitaa, watu watapelekaje mahindi na kahawa madhabahuni bila kucheza... msamaha wao huo, umengoja wakose mpigaji ndipo ukawashukia, alipoondoka hakuna aliyekuja hata kunipa pole, na sasa wanataka nimwone mbele pale, na suti yake ya kijivu, anaitikisa shingo, na mimi nikae nyuma nimwitikie, heri vidole vinitoke damu... "Dole gumba lishuke mgongoni mwa shingo ya gitaa," sawa, limeshuka, hakuna kilichobadilika, nje malori ya Zambia yamesimama foleni tangu asubuhi, nayo hayaendi popote, tunafanana.

Na mkono wake ulivyokuwa mwepesi, Hezron, lazima niseme kweli, ulikuwa unacheza wenyewe huku macho yake yapo kwa masoprano, sikumwona akihangaika hivi, na siku ile ya mavuno aliponiambia mbele ya kwaya nzima, "Restuta, sauti imezeeka, mwachie Fides," mkono haukusimama hata kidogo, wimbo ule wa mavuno nimeuongoza tangu sijaolewa, mwaka huo nikafika kwenye noti ya la, ile ya juu, koo likakatika, watu wakacheka, nami nikacheka nao, mjinga mimi, nikarudi nyumbani nikampikia, tangu hapo nasimama mstari wa nyuma nafungua mdomo nusu, na huyo Fides naye analia kama mbuzi aliyebanwa mlangoni, lakini ana miaka ishirini, anasamehewa... "Usijisikie vibaya, mama," Yonasi anasema, anajikuna ndevu, "F inakimbiwa na wengi. Wimbo wa F mtu anaupandisha G, vidole vyake vinapumzika. Waimbaji ndio wanaumia kuufuata huko juu," na anacheka, na mimi mkono umebaki pale pale kwenye nyuzi, ngoja, amesema nini, wimbo wa F, ule wimbo do yake ni F, mwalimu wetu kule Mbozi alikuwa anagonga kile kiuma chake cha chuma gotini, anakileta sikioni, anatutolea do, nasi tunaikamata, miaka yote ilikuwa hivyo, na huku pia, mpaka Hezron alipokuja na gitaa, akasema mambo ya kugonga magoti ni ya washamba, do atatoa yeye, tukampigia makofi... nami nilikaa mstari wa mbele, mkono ule naujua kuliko wangu, naupitia wote kichwani, ibada baada ya ibada, vidole vitatu, daima vitatu, vimesimama, hakuna siku kimoja kililala namna hii, hakuna, Bwana wangu, alikuwa haiwezi, alikuwa haiwezi F, akatupandisha sote G kwa sababu ya kidole chake kimoja kivivu, akanitazama nikikatika koo, akajua kwa nini, akaniita mzee, na mtu huyo ndiye nimekuwa namwogopa, kumbe mwoga tu, mwoga mwenye suti, nina hasira ya kutosha kulivunja gitaa hili, na chini ya hasira kuna furaha, sijui niiweke wapi... "Tuupandishe G na sisi, mama? Jumamosi iko karibu," na kweli G naiweza, hata sasa hivi, kwaya ingenipokea, Ambakisye angekaa kwake, hakuna ambaye angejua, Fides angeendelea kulia, namwambia hapana, F ibaki F, nakilaza kidole, nyuzi mbili zinalia, nne kimya, mbili zinanitosha kuikamata do, nafungua mdomo mzima, napanda taratibu mpaka kwenye la ile, inatoka nzima, haina ufa, na Yonasi anasema F bado, mama, nyuzi nne hazijalia, namwambia najua.