Rangi Alizotaja Sudha

Mutahi alitaka kuwa rubani. Alipomaliza kidato cha nne, miaka miwili baada ya uhuru, alipanda basi kutoka Nyeri hadi Nairobi kujaribu jeshi la anga, na mwanzoni mambo yalimwendea vizuri. Alikimbia, akapimwa kifua, akajibu maswali ya hesabu. Halafu daktari akamfungulia kitabu chenye kurasa za madoa ya rangi na kumwuliza anaona namba gani. Mutahi alitazama mpaka machozi yakamtoka. Hakuona namba yoyote, aliona madoa tu. Daktari alifungua ukurasa mwingine, na mwingine, kisha akamwambia kwa upole kwamba macho yake hayatofautishi nyekundu na kijani, na kwamba mtu wa namna hiyo haruhusiwi kurusha ndege.

Alirudi kwao Wamagana na kusema tu kwamba hakuchukuliwa. Mama yake, Wakonyo, hakumwuliza sababu. Kusema kweli alishukuru. Wakati wa Hali ya Hatari, wakoloni walipowasaka wapiganaji wa msituni, ndege zao zilipita juu ya shamba lake kwenda kumwaga mabomu katika msitu wa Nyandarua, na mume wake, Muriithi, alikuwa ndani ya msitu huo. Hakurudi, na hakuna aliyejua alilala wapi. Tangu wakati huo Wakonyo akisikia ndege huinama na kuendelea kulima, hatazami juu. Ila Mutahi, aliyekuwa mtoto mdogo, alikuwa akitazama. Alizitazama mpaka zinapotelea mlimani, na ingawa alijua zinakwenda kufanya nini, alizipenda.

Alipata kazi Nyeri mjini kwa Gicheru, mwenye studio ya picha. Picha za siku hizo zilikuwa nyeusi na nyeupe, kwa hiyo macho yake hayakumsumbua. Aliwapanga watu mbele ya pazia lililochorwa maua, akawaambia wanyooshe shingo, akasafisha filamu katika chumba cha giza. Gicheru alimsifu. Lakini kila Jumamosi jioni, akishafunga kazi, Mutahi alivuka barabara na kuingia katika duka la Tulsidas.

Duka lenyewe liliuza vitambaa upande mmoja na vitabu vya shule upande wa pili. Kwenye rafu ya juu kabisa kulikuwa na maboksi ya ndege za kuunganisha, yaliyoagizwa zamani kwa ajili ya watoto wa Wazungu wa mashamba. Wazungu wengi walikuwa wameshauza mashamba na kuondoka, na maboksi yakabaki na vumbi. Mutahi alinunua la kwanza akiona haya, kama mtu mzima anayenunua pipi.

Aliifanya kazi hiyo katika chumba cha nyuma cha studio. Ndani ya boksi vipande vya plastiki vilikuwa vimeshikamana kwenye fremu zake. Alivikata kimoja kimoja kwa wembe, akavipiga msasa, akaviunganisha kwa gundi iliyonukia mpaka kichwa kikauma. Mwili wa ndege ulikuwa nusu mbili. Alizifunga pamoja kwa uzi mpaka gundi ikakauka, akasubiri, na alipofungua uzi ndege ilikuwa ndege. Akaipaka rangi, akaipeleka dukani kuionyesha, maana hakuwa na mtu mwingine wa kumwonyesha.

Aliyekuwa kaunta ni Sudha, binti wa Tulsidas. Alizaliwa hapo hapo Nyeri, na aliongea Kiswahili cha mjini kama watu wote. Aliigeuza ndege mkononi.

"Umefanya kazi safi," alisema. "Lakini kwa nini hii mabawa umepaka nyekundu?"

"Nyekundu? Si ni kijani?"

Sudha alimtazama aone kama ni mzaha. Mutahi akaiangalia ndege tena. Alikuwa amefungua vikopo kadhaa kwa pamoja, na mifuniko ilikuwa imebadilishana.

Sudha hakucheka. Alikwenda upande wa vitambaa, akarudi na mabunda mawili ya uzi, akayaweka kaunta. "Hizi ni moja ama ni tofauti?"

"Ni moja."

"Sawa," alisema, akayaondoa taratibu. "Babu yangu alikuwa hivyo. Alikuwa anauza vitambaa maisha yake yote, na hakuna mteja alijua. Bibi ndiye alikuwa anamwambia."

Kuanzia Jumamosi hiyo Sudha ndiye aliyemwambia Mutahi. Alichagua vikopo, akaandika herufi kwenye kila mfuniko, na Mutahi alipokuwa na shaka alikuja na ndege yenyewe. Aliieleza rangi kama mtu anayeeleza njia. Hii imekolea zaidi, hii inaelekea udongo, hapa acha, usiguse tena. Tulsidas alikuwa akisoma gazeti lake mlangoni na mara kwa mara kukohoa. Hakuna mtu Nyeri wakati ule ambaye hangeona jambo la ajabu kama msichana wa Kihindi na kijana wa Wamagana wangeonekana wakitembea pamoja barabarani, kwa hiyo hawakutembea. Walikuwa na kaunta kati yao, na ndege juu ya kaunta.

Siku moja Mutahi alimwuliza, "Na wewe leo umevaa rangi gani?"

"Ya machungwa yaliyoiva."

Hakujua machungwa yaliyoiva yana rangi gani kwa macho ya watu wengine. Lakini alilibeba jibu hilo hadi studio. Ikawa mazoea. Kila Jumamosi, kabla ya kuondoka, alimwuliza amevaa rangi gani, naye akamjibu, na wiki nzima Mutahi alikuwa na rangi moja ya kuwazia.

Ndege zikaongezeka katika chumba cha nyuma. Gicheru alimruhusu kuzitundika darini kwa uzi. Nyumbani Mutahi hakupeleka hata moja.

Mwanzoni mwa mwaka wa sitini na nane, siku ya kazi, Tulsidas aliingia studio akiwa na mkewe Chanchal, na Sudha nyuma yao. Mutahi alidhani wanataka picha ya familia, akaanza kuvuta viti.

"Hapana, si ya pamoja," Tulsidas alisema. "Moja moja. Za pasipoti."

"Mnasafiri, mzee?"

"Tunahama. Leseni ya duka haikufanywa mpya, na huko Uingereza nasikia wanataka kutufungia mlango sisi wenye pasipoti zao. Mimi sikuchukua uraia hapa. Nilingoja, nikangoja." Alipangusa miwani. "Sasa ni kukimbia."

Mutahi alimpiga picha Tulsidas, akampiga Chanchal. Sudha alipoketi kwenye stuli, ilimbidi kumwambia maneno anayomwambia kila mtu: tazama hapa, funga mdomo, usicheke. Sudha hakuwa na kicheko chochote. Katika kioo cha kamera alionekana kichwa chini, kama watu wote wanavyoonekana humo, na Mutahi alikaa chini ya kitambaa cheusi muda mrefu kuliko ilivyohitajika, mpaka Tulsidas akakohoa.

Hakuweza kumwuliza swali lake mbele ya wazazi. Walipokuwa wakitoka, Sudha alibaki nyuma kidogo akijifunga mtandio.

"Zambarau," alisema kwa sauti ya chini, akatoka.

Mutahi alikuwa ameiona kama samawati.

Jumamosi ya mwisho duka lilikuwa karibu tupu. Vitambaa vilikuwa vimefungwa kwa magunia. Sudha alipanda ngazi, akashusha boksi moja lililobaki juu. Haikuwa ndege ya vita kama zile nyingine. Ilikuwa ndege kubwa ya abiria, injini zake zote nne zimewekwa nyuma karibu na mkia.

"Hii ndiyo aina tutapanda," alisema. "Chukua. Baba anajua."

"Nitaipaka rangi za hiyo karatasi ya maelekezo iliyo ndani?"

"Hapana, wacha karatasi. Paka nyeupe yote. Halafu kwa ubavu weka mstari nyekundu, na chini yake mstari ya kijani. Hizo mbili."

"Sudha, hizo ndizo siwezi."

"Najua," alisema. "Ndiyo maana nataka uziweke."

Alikuwa amemwandalia vikopo vitatu vyenye herufi. Mutahi alitaka kusema jambo, na jambo lenyewe alikuwa nalo kamili, maneno yake amekuwa akiyapanga tangu siku ya pasipoti. Chanchal akamwita binti yake kutoka nyuma, kwa Kigujarati. Sudha aliitika lakini hakusogea. Alimtazama Mutahi kana kwamba anamngoja. Mutahi akasema, "Safari njema." Basi. Alivuka barabara na boksi kwapani, na alipofika ng'ambo yale maneno yote yakamrudia, wakati hayana kazi tena.

Hakulifungua boksi. Alilipeleka Wamagana, akaliweka chini ya kitanda. Kwenye duka la Tulsidas mtu anayeitwa Ngatia alianza kuuza mbolea na majembe, na Mutahi akawa anapitia barabara ya nyuma kwenda kazini. Jumamosi jioni zilikuwa ndefu. Wakati mwingine alimpiga picha msichana aliyevaa vizuri, akashikwa na hamu ya kumwuliza amevaa rangi gani, akarudi chini ya kitambaa cheusi.

Mvua ndefu zilipita, na baridi ya Julai ikapita. Kahawa ilipoanza kuiva, Jagdish, mpwa wa Tulsidas aliyechukua uraia na kubaki na duka lake Karatina, alikuja studio kupigwa picha. Mutahi alimwuliza habari za watu wa Uingereza.

"Wako, wanalia baridi," Jagdish alisema. "Mjomba anafanya kazi kiwandani, hebu fikiria, yeye aliyekuwa na duka. Sudha ameposwa. Harusi ni mwezi ujao."

"Ni jambo zuri," Mutahi alisema. "Nyoosha shingo kidogo."

Mwisho wa wiki hiyo alimwomba Gicheru ruhusa, akaenda nyumbani, akavuta boksi chini ya kitanda. Aliunganisha ndege mchana wote wa Jumamosi, akiwa ameketi mlangoni kwenye mwanga, na Jumapili asubuhi akaipaka nyeupe. Wakonyo aliporudi kanisani alisimama uani akaitazama kwa mbali. Mutahi alingoja aambiwe aiondoe.

"Inamwaga mabomu, hiyo?" mama yake aliuliza.

"Hapana, Mama. Hubeba watu. Wazee, wanawake, watoto, na mizigo yao."

Wakonyo aliingia ndani kubadilisha nguo.

Nyeupe ilipokauka, Mutahi alifungua vikopo viwili vilivyobaki na kukuta rangi imeganda kama mpira. Mifuniko haikuwa imekaza. Siku chache baadaye alimwomba Kingori, mchoraji wa mabango ya maduka, rangi hizo mbili, naye akamwekea masalio ya rangi katika vichupa vya dawa na kumwambia hii ni hii, na hii ni hii. Lakini vichupa viligongana ndani ya mfuko njia nzima hadi Wamagana, na Mutahi alipovitoa mezani havikuwa na chochote cha kuvitambulisha. Alivisogeza dirishani. Alivirudisha. Alikaa akivitazama mpaka mama yake akatoka jikoni.

"Una nini?"

"Mama, nyekundu ni ipi hapa?"

Wakonyo alidhani hakusikia vizuri. "Hujui nyekundu?"

Ndipo Mutahi akamweleza yote: daktari, kitabu cha madoa, sababu ya kutochukuliwa. Alieleza harakaharaka, macho yake mezani. Alipomaliza, mama yake alikuwa ameketi.

"Kwa hiyo kahawa," Wakonyo alisema. "Ukiwa mdogo. Ulikuwa unachuma mbichi na mbivu pamoja, zinakataliwa kiwandani, nami nakuchapa."

"Ndiyo."

"Nilikuwa nasema wewe ni mvivu. Nilikuambia kama baba yako angekuwepo angeona aibu."

"Hukujua, Mama. Hata mimi sikujua. Nilidhani wote huona hivyo, na kwamba wenzangu wana bidii kunishinda."

Wakonyo alipangusa mikono kwa leso, ingawa ilikuwa mikavu, akasogeza stuli karibu na meza. Akaweka kidole juu ya kichupa kimoja. "Hii ni nyekundu. Nyekundu ya kahawa iliyoiva barabara. Na hii ni ya majani yake."

Mutahi alichovya brashi nyembamba na kuanza kuvuta mstari kutoka puani mwa ndege kuelekea mkiani. Mama yake aliishika ndege kwa mikono miwili isitikisike. Mstari wa pili ulipinda kidogo karibu na mlango, naye Wakonyo akaona kabla yake, akasema, "Hapo umepanda juu ya mwenzake," Mutahi akapangusa kwa kitambaa na kurudia. Kwa macho yake ilikuwa mistari miwili ya rangi moja, mmoja mweusi kidogo kuliko mwingine. Lakini alijua mama yake anaona kitu kingine, na kwamba Sudha naye, angekuwepo, angekiona.

Walipomaliza, Wakonyo hakuiweka ndege chini. Aliigeuza polepole, akahesabu madirisha kwa macho.

"Huyo msichana wa Tulsidas," alisema, "alikaa dirisha gani?"

Mutahi hakuwa amewahi kumtajia jina hilo. Nani alimwambia, Gicheru au watu wa sokoni, hakuuliza.

"Sijui, Mama. Pengine hapa, nyuma ya bawa."

"Hukumwuliza?"

"Kuna mengi sikumwuliza."

Wakonyo aliinamisha uso mpaka karibu na dirisha hilo dogo, lisilokuwa na kitu ndani, akachungulia kwa jicho moja. Kisha akaiweka ndege juu ya kabati, mahali ambapo kuku hawangeifikia, akaenda kukoka moto wa chai.