Matundu ya Zebaki

Pini ile ya shaba ilichimbuliwa kwenye magofu ya pwani, na dhahabu iliyopakwa juu yake ilikuwa bado inang'aa. Kazi ya Kavinya pale maabara ya makumbusho ilikuwa kujua mafundi wa kale waliipaka vipi. Ili apate cha kulinganisha, alikuja na kipande cha bangili alichokipaka babake, mzee Musau, nyumbani kwao Shauri Moyo.

Akaviweka chini ya hadubini. Vyote viwili vilijaa matundu madogo, kama uso wa uji unaotokota. Kavinya alishangilia peke yake. Kumbe ufundi ni uleule! Unachanganya dhahabu na zebaki, unapaka, unachoma. Zebaki inaondoka kwa mvuke, dhahabu inabaki, na kila tundu ni mahali mvuke ulipotokea.

Furaha ikamkauka. Mvuke ule ni sumu, na mzee alichomea chumbani, mlango na dirisha vimefungwa, majirani wasije wakajua kuna dhahabu ndani. Siku hizi mikono ilimtetemeka hata kikombe kikamshinda. Na marehemu mama alianza vivyo hivyo: kutetemeka, fizi kutoka damu, kisha akili ikamruka. Kanisani waliomba mpaka wakachoka.

Asipomwambia mzee, mzee angekufa. Akimwambia, mzee angejua ni kazi yake iliyomuua mkewe. Kavinya aliona heri ampe nusu ya ukweli, na moyo ulimuuma njia nzima hadi nyumbani.

"Baba, wachana na zebaki. Hiyo moshi ndiyo inakutetemesha."

Musau alimkazia macho. "Na mama yako?"

"Mama ilikuwa presha tu, Baba. Hata daktari alisema."

Mzee alishusha pumzi, uso ukamkunjuka kwa mara ya kwanza tangu mazishi. "Basi wacha kunitisha, mwanangu. Yeye ndiye alikuwa ananipulizia makaa, kichwa karibu kiingie kwa jiko. Kama ni moshi, si ingeanza na yeye? Hebu nipatie hiyo chupa nimalize bangili ya watu."

Kavinya aliishika chupa ya zebaki, ndogo lakini nzito ajabu. Hakumpa. Alitafuta uongo mwingine, akaukosa.

"Ilianza na yeye, Baba."