Bisi ya Kabambare

Chadia alizaliwa Kabambare, lakini kazi ilimweka Kasongo, ambako aliongoza ofisi ndogo ya usafiri wa mji. Chini yake kulikuwa na bisi mbili za abiria ambazo serikali ilizileta kwa ngoma na hotuba. Zilitoka sokoni, zikapita hospitali, zikaenda hadi mwisho wa mji, na watu walizizoea upesi: wachuuzi, wanafunzi, wagonjwa ambao zamani walibebwa mgongoni. Moja ilikufa mapema. Sasa ilikuwa imesimama nyuma ya ofisi bila magurudumu, ikitolewa vyuma ili mwenzake apate kutembea. Serikali ilinunua bisi. Kwa pine za magurudumu, oili na fundi haikuweka kitu.

Ndiyo maana zilipokuja habari kwamba jimbo limepata fungu la fedha la kupeleka bisi mpya Kabambare, Chadia hakushangilia na wenzake. Barabara ile aliijua. Madaraja yake yalikuwa magogo yaliyooza, na ukishapita kijiji cha Lusangi hata abiria wa pikipiki hushuka, wakasaidia kuisukuma kwenye tope. Katika mkutano alisimama akaeleza kwamba fungu lile litengeneze kwanza madaraja, na sehemu kidogo itunze bisi iliyobaki mjini. Mjumbe wa jimbo, mtu mpole aitwaye Roger, alimsikiliza mpaka mwisho. Alisema hampingi, ila bisi mpya kila mtu huiona, na daraja lililotengenezwa hakuna anayelipigia makofi. Kisha akaongeza:

"Watu wa Kabambare wameahidiwa. Wakikubali wenyewe kungoja, mimi nitabadilisha. Nenda uwaulize."

Wengine mezani walitabasamu, kwa kuwa walijua hakuna anayekwenda kwa ndugu zake kuwaomba waache zawadi. Chadia alitafuta pikipiki kesho yake.

Dereva wake, Iliasi, hakuwa mtu wa maneno mengi, na njia ndefu ilimwachia Chadia nafasi ya kufikiri. Alimfikiria Elsa. Walicheza pamoja utotoni, wakaolewa mwaka mmoja, na Elsa alikufia kwenye barabara hiihii, akiwa na uchungu wa uzazi, akipelekwa hospitali ya Kasongo. Tangu siku hiyo mama wa Elsa, Anastasie, aliyekuwa mkulima wa mpunga, hakuacha kugonga milango ya wakubwa akidai usafiri. Bisi hii iliyoahidiwa, watu wa Kabambare waliiita bisi ya Mama Anastasie.

Mkutano ulifanyika katika ukumbi wa parokia, Waislamu na Wakristo pamoja. Chadia alisema alichokuja kusema, bila kukizungusha. Manung'uniko yakaanza. Mwanamume mmoja alisema watu wa Kasongo wamekwisha kula ya kwao, sasa wameitamani ya wengine, na wamemtuma mtoto wa nyumbani ili watu waone haya kukataa. Kila jibu Chadia alilolifikiria lilikuwa na sura ya kisingizio.

Mama Anastasie alikuwa amekaa mbele, mikono mapajani. Aliposimama ukumbi ulitulia.

"Mutoto wangu," alisema, "bisi ikikuja leo, itatembea mpaka wakati gani?"

"Mpaka mvua, mama."

"Na kisha?"

"Kisha itasimama hapa kwenu, kama ile yetu inavyosimama nyuma ya ofisi."

Mama Anastasie aligeuka akawatazama wenzake. "Elsa hakukufa kwa kukosa kitu cha kumubeba," alisema. "Pikipiki ilikuwako. Daraja ndiyo haikukuwako."

Chadia alidhani maneno yamekwisha, lakini yule mama alikuwa bado amesimama. Alisema watangoja, ila kwa sharti. Kazi ianzie huku Kabambare, iende Kasongo, maana ikianzia Kasongo feza itaishia Kasongo. Na pine za bisi ya mjini zingoje madaraja yaishe.

Chadia alielewa maana yake, kwa kuwa pine za bisi ile zilikuwa zimechakaa. Mji wake ungerudi kutembea kwa miguu, na yeye ndiye angekuwa amekubali. Alikubali palepale, bila kumwuliza mtu.

Roger alipoletewa jibu alitimiza neno lake. Mafundi walianza upande wa Kabambare, wakashuka daraja kwa daraja, wakiweka magogo mapya. Huku Kasongo pine za bisi zilipasuka, ikasimama kando ya mwenzake. Wanawake wa sokoni waliokuwa wakimwita Chadia dada walianza kumpita wakitazama kwingine. Mumewe, Ibrahim, aliyetembea kila asubuhi hadi dukani kwake, alimwuliza jioni moja, bila hasira, kama mji unaompa kazi haukustahili kufikiriwa kwanza. Swali lile lilimkaa moyoni. Alijiuliza kama aliamua kwa ajili ya barabara au kwa ajili ya Elsa.

Mvua kubwa zilinyesha, na madaraja yakastahimili. Katikati ya masika hayo Mama Anastasie aliingia ofisini kwa Chadia, viatu vimejaa tope la mjini, kwa sababu pikipiki ilimshusha sokoni na kutoka hapo alitembea. Alikuwa ameleta mpunga na mafuta ya mawese kuuza. Chadia alimtilia chai. Walizungumza habari za nyumbani, na yule mama akasema, kama anayetaja jambo dogo, kwamba jirani yake mwenye mimba alipelekwa hospitali juma lililopita, akafika, akajifungua salama. Chadia aliweka kikombe chini.

"Na bisi yetu," Mama Anastasie aliuliza, "lini?"

Chadia alimwambia ukweli: fungu la mwaka ujao halijapangwa, na wapo wanaosema barabara ikishatengenezwa mara moja inatosha.

"Magogo yanaoza," alisema Mama Anastasie. "Huyo Roger iko wapi leo?"

"Yuko mjini. Anaondoka kesho."

Mama Anastasie alimaliza chai yake, akafunga kitambaa kichwani upya. Walitoka pamoja, wakaenda kwa miguu, maana bisi ilikuwa bado haijapata pine.