Kauli Moja Kuhusu Maji

Wakubwa wa mji wetu tunawajua. Walipanga barabara, ikaota majani kwenye makabrasha. Safari hii ofisi ya maji ilitaka mpango wa miaka thelathini, ikaita wataalamu, kila mmoja akafungiwa chumba chake wasije wakasikizana. Swali: maji yatafika lini mtaa wa bondeni? Majibu yangechanganywa, ambaye jibu lake liko mbali na ya wenzake aulizwe tena na tena, mpaka kauli iwe moja.

Fundi mkuu mstaafu, aliyesimamia mabomba ya bondeni yakilazwa, aliandika: "Kesho. Mabomba yapo. Fungueni koki kuu." Koki ilifungwa siku ya majaribio, ati isubiri mpango. Dada yake aliishi huko bondeni, na goti lake lilikuwa limeshagoma kupandisha ndoo kilimani.

Mratibu, mwanamama mwenye sauti ya asali, akamjia.

"Mzee wangu, umejitenga na wenzako. Wao wanasema miaka ishirini na ushee. Sogea kidogo."

"Wamewahi kufika bondeni?"

"Ni wataalamu, mzee. Andika hata kumi, tukutane katikati."

"Mwanangu, katikati ya kweli na uongo pana nini?"

"Pana ripoti."

Akaandika tena: kesho. Awamu iliyofuata hawakumwita. Kauli ikawa moja, miaka ishirini na mitano, na wataalamu wakapiga makofi, kila mtu chumbani kwake.

Fundi akatelemka bondeni, akafunua shimo la koki kuu, akaing'ang'ania koki mpaka ikalegea. Mabomba yakakohoa, yakatema kutu, kisha maji. Dada mtu akakinga sufuria.

"Kumbe kaka, shida yote hii ilikuwa kuzungusha mkono tu?"

"Mkono tu, dada. Ila walitaka kwanza kuuzungusha mdomo."

Haukupita muda, mratibu akatokea na mafundi wa ofisi, jasho linamtiririka.

"Mzee, umetuvuruga! Ripoti imeshatiwa saini. Maji haya yamewahi mno. Fungeni!"

Dada mtu akajikokota hadi kwenye shimo, akarudisha mfuniko, akaketi juu yake, mguu mbovu kaunyoosha.

"Haya, nitoeni. Ila taratibu, goti linauma."

Majirani wakamiminika na ndoo, wengine wakaketi ubavuni mwake. Mafundi wakatazama viatu vyao. Mratibu akawauliza majirani msemaji wao ni nani, apate kuchukua maoni. Hakuna aliyegeuka. Walikuwa wakigombea bomba.