Karatasi ya Mwisho Ukutani

Dada mtu aliikumbuka vizuri siku mchezo wa kompyuta wa kaka yake ulipotoka, baada ya kutengenezwa kwa miaka sita. Watu waliucheka mpaka wakachoka. Ndani yake farasi walizama ardhini, mito ilining'inia hewani. Kaka hakujitetea. Alichapa kila lalamiko, akalibandika ukutani mwa ofisi, na hakubandua karatasi yoyote mpaka mlalamikaji mwenyewe acheze tena na kusema, "Sasa sawa." Kwa miaka miwili alitoa maboresho juu ya maboresho, hadi waliomcheka wakaanza kuitana waje kucheza.

Alipofariki, ilibaki karatasi moja, yenye lalamiko la huyo dada yake: "Kaka, farasi wangu anatumbukia kila nikivuka daraja. Umenichosha!"

"Alilirekebisha wiki ile ya mwisho, kabla hajalazwa," alisema Miwani, mwenzake wa kazi. "Lakini karatasi siibandui, dada. Unaijua sheria yake."

Dada alikaa kwenye kiti cha kaka, akauwasha mchezo. Daraja likikataa, hayupo tena wa kulirekebisha. Akampanda farasi, akaenda polepole. Mbao zililia chini ya kwato. Hata sauti hiyo kaka hakuisahau. Farasi akafika ng'ambo, akatikisa shingo.

"Haya, mama malalamiko, unasemaje?" aliuliza Miwani.

"Sasa sawa, kaka," alijibu, akainuka kwenda kuibandua.